Tuzo ya Aliyeshindwa, Jina la Asiyeipata: Historia ya Thamani Katika Fainali za NBA

Iko tuzo moja mashuhuri duniani ambayo mtu wa kwanza kuitwaa alikuwa katika timu iliyoshindwa, na ambayo leo inaitwa kwa jina la mtu asiyewahi kuipata. Ni tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika fainali za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hutolewa uwanjani, muda mfupi baada ya bingwa kupatikana, na vijana wetu wengi wanaokesha kutazama fainali hizo wanayajua majina ya washindi wake kuliko wanavyoyajua majina ya mawaziri.

Ndugu msomaji aliyezoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na utumishi wa umma asidhani nimehama uwanja. Kwa zaidi ya nusu karne tuzo hii imekuwa ikijaribu kujibu swali ambalo kila ofisi, kila chama na kila taifa huliahirisha: kazi ikifanywa na wengi, sifa apewe nani? Majibu yaliyotolewa yamebadilika na nyakati, na mabadiliko hayo yana mengi ya kutufundisha.

Nianze na jina lenyewe. Sisi husema kwa wepesi “mchezaji bora”. Wamarekani walioianzisha hawakusema bora, walisema mwenye thamani. Maneno haya mawili ni ndugu, lakini si pacha. Ubora hukaa ndani ya kitu. Thamani huzaliwa pale kitu kinapokutana na haja ya mtu. Mwavuli ulioshonwa kwa ustadi ni bora hata kiangazi, lakini thamani yake huonekana masika. Kwa hiyo anayeulizwa nani mwenye thamani ana haki ya kuuliza kwanza: thamani kwa nani, na kwa haja ipi?

Jarida, gari na mtu aliyeshindwa

NBA huhesabu historia yake tangu mwaka 1946, lakini kwa miaka zaidi ya 20 fainali zake hazikuwa na tuzo ya mtu mmoja. Bingwa alikuwa timu, basi. Wazo la kumtenga mmoja lilitoka kwa jarida la michezo lililoitwa Sport, ambalo tangu mwaka 1955 lilikuwa likimzawadia gari mchezaji mmoja wa fainali za besiboli. Baadaye jarida hilo likaingia pia katika fainali za mpira wa miguu wa Kimarekani, na mwaka 1969 likafika kwenye kikapu. Tusilipite jambo hili haraka. Tuzo tunayoiona leo kama sehemu ya asili ya mchezo ilizaliwa katika ndoa ya uandishi wa habari na biashara: jarida lilihitaji sura ya kuweka mbele ya wasomaji, na timu ya watu 12 haina sura moja.

Fainali za mwaka 1969 zilikuwa kati ya Boston Celtics na Los Angeles Lakers. Celtics walikuwa wazee waliomaliza msimu wakiwa wa nne katika kanda yao. Lakers walikuwa na Jerry West, Elgin Baylor na Wilt Chamberlain, na karibu kila mtu aliwapa wao ubingwa. Katika mechi ya kwanza West alifunga pointi 53. Katika mfululizo mzima alikuwa na wastani wa pointi 37.9 kwa mechi. Mechi ya saba ilichezwa Los Angeles tarehe 5 Mei. West, akichechemea kwa maumivu ya msuli wa paja, alifunga pointi 42, akakamata mipira 13 iliyodunda kutoka kwenye ubao, ambayo mashabiki huiita ribaundi, na akatoa pasi 12 zilizozaa vikapu. Celtics walishinda 108 kwa 106.

Tuzo ilikwenda kwa West. Alipewa gari aina ya Dodge, na husimuliwa kwamba lilikuwa la kijani, rangi ya timu iliyotoka kumfunga. Kwa West ilikuwa mara ya sita kushindwa na Celtics katika fainali. Alicheza fainali tisa katika maisha yake na kushinda moja tu, ya mwaka 1972.

Je, waliompa walikosea? Ninaposoma historia ya tuzo za aina hii nakuta jambo la kushangaza. Katika besiboli, mchezaji pekee aliyepata tuzo ya fainali akiwa upande ulioshindwa ni Bobby Richardson wa New York Yankees, mwaka 1960. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani ni Chuck Howley wa Dallas Cowboys, katika fainali ya msimu wa 1970, iliyochezwa Januari 1971. Katika kikapu ni West, mwaka 1969. Michezo mitatu, watu watatu, wote ndani ya muda usiozidi miaka 11. Baada ya hapo, hakuna mwingine hadi leo.

Maelezo yangu ni haya: tuzo zilipokuwa changa, waamuzi bado walidhani wameulizwa swali wazi, yaani nani alifanya kazi yenye thamani kuliko wote? Kadiri tuzo zilivyokua, swali likajifunga: katika walioshinda, nani wa kuwekwa mbele? Maneno ya tuzo hayakubadilishwa. Kilichobadilika ni mazoea, na mazoea yana nguvu kuliko kanuni. Watumishi wa umma wanaonisoma wanalijua hilo bila kuhitaji mfano.

Aliyefunga pointi nne na aliyebaki nyumbani

Mwaka uliofuata, 1970, tuzo ilijibu swali kwa namna nyingine kabisa. New York Knicks na Lakers walifika mechi ya saba. Nahodha wa Knicks, Willis Reed, alikuwa amechanika msuli wa paja katika mechi ya tano, akaikosa ya sita, na bila yeye Chamberlain akafunga pointi 45. Siku ya mechi ya saba Reed alitoka chumba cha kubadilishia nguo akiburuta mguu. Akafunga vikapu viwili vya mwanzo vya timu yake. Hakufunga tena. Jumla yake siku hiyo ilikuwa pointi 4.

Mwenzake Walt Frazier alifunga pointi 36 na kutoa pasi 19 zilizozaa vikapu. Kwa mtu anayehesabu, usiku ule ulikuwa wa Frazier. Tuzo alipewa Reed. Ni kweli kwamba Reed aliibeba timu katika mechi za mwanzo za fainali hizo, na tuzo ni ya mfululizo mzima. Lakini kumbukumbu iliyobaki vichwani mwa watu ni ya yule mtu aliyeingia akichechemea na wenzake wakapata moyo. Hapa thamani ilipimwa kwa kile ambacho uwepo wa mtu mmoja huwafanya wengine waweze kukifanya.

Miaka 10 baadaye kipimo kikageuka. Katika fainali za 1980, Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 33 katika mechi tano dhidi ya Philadelphia 76ers. Katika ya tano akaumia kifundo cha mguu, na timu iliposafiri kwenda Philadelphia kwa mechi ya sita, yeye akabaki Los Angeles. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, Magic Johnson, akasimama katika nafasi ya Kareem, akafunga pointi 42 na kukamata ribaundi 15. Lakers wakatwaa ubingwa na Magic akatwaa tuzo. Mpaka leo hakuna mchezaji mwingine wa msimu wa kwanza aliyewahi kuipata.

Wanaomtetea Kareem husema kwamba mtu mmoja alilima shamba mwezi mzima na mwingine akasifiwa kwa siku ya mavuno. Wanaomtetea Magic husema kwamba siku ya mavuno ndiyo siku mvua inapoharibu au isipoharibu. Nadhani pande zote mbili zina haki, na hilo ndilo tatizo: tuzo ni moja. Kareem alikwisha kuipata mwaka 1971, akiwa bado anaitwa Lew Alcindor, na aliipata tena mwaka 1985 akiwa na miaka 38. Miaka 14 kati ya tuzo ya kwanza na ya pili inatukumbusha kwamba kazi ya mtu haiishi katika usiku mmoja uliotazamwa na wengi.

Kisichohesabiwa

Sasa turudi kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye tuzo. Bill Russell aliichezea Celtics kwa misimu 13 na kushinda ubingwa mara 11. Mara 10 za mwanzo tuzo hii haikuwepo. Ya 11, mwaka 1969, ndiyo ile aliyopewa West. Katika mechi ile ya saba Russell, aliyekuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, alifunga pointi 6 tu. Kisha akastaafu. Kwa hiyo mtu aliyeshinda kuliko wote katika historia ya ligi hiyo alikuwa na nafasi moja pekee ya kuipata tuzo ya washindi, nayo ikampita.

Lakini nataka tuangalie jambo la ndani zaidi. Kipaji kikuu cha Russell kilikuwa ulinzi. Alizuia mitupo ya wapinzani, na mara nyingi hakuupiga mpira nje kwa mbwembwe bali aliuelekeza kwa wenzake wakimbie nao. Pointi zilizotokana na hapo ziliandikwa kwa majina ya wenzake. Na mitupo aliyoizuia? Haikuandikwa popote. NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa katika msimu wa 1973–74, miaka minne baada ya Russell kuondoka. Kitabu cha takwimu kinatuambia alikuwa na wastani wa pointi 15 na ribaundi zaidi ya 22 kwa mechi. Kuhusu kazi iliyomfanya kuwa Russell, kitabu kiko kimya.

Nje ya uwanja pia alifanya mengi yasiyoingia katika takwimu. Mwaka 1961 yeye na wachezaji wenzake weusi walikataa kucheza mechi ya maonyesho huko Lexington, Kentucky, baada ya kunyimwa huduma mgahawani kwa sababu ya rangi yao. Nyumbani kwake, katika mji mdogo jirani na Boston alikoiletea jiji hilo ubingwa baada ya ubingwa, wabaguzi walivunja na kuchafua. Mwaka 1966 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa NBA. Mwaka 1967 alikwenda Cleveland, pamoja na kijana Alcindor na wanamichezo wengine, kusimama na Muhammad Ali aliyekataa kupigana vita vya Vietnam. Katika miaka hiyo msimamo kama huo haukuleta tuzo. Ulileta barua za matusi.

Februari 2009, kamishna wa ligi David Stern alitangaza kwamba tuzo ya fainali ingeitwa kwa jina la Bill Russell. Juni ya mwaka huo Russell mwenyewe alimkabidhi Kobe Bryant. Wapo wanaoona kejeli katika jambo hili. Mimi naona kukiri. Ligi ilikuwa inakiri, kwa kuchelewa miaka 40, kwamba kipimo chake hakikuwahi kumtosha mtu aliyestahili kuliko wote. Russell alifariki tarehe 31 Julai 2022, na mwezi uliofuata jezi namba 6 ikastaafishwa katika timu zote za NBA, heshima ambayo hakuwahi kupewa mchezaji mwingine kabla yake.

Mwana wa Lagos na mtoto asiye na hati

Kwamba kuhesabu hubadilisha kuona, ushahidi wake ni Hakeem Olajuwon. Mzaliwa huyu wa Lagos, aliyecheza mpira wa mikono kabla hajaujua wa kikapu, aliingia fainali za 1994 na Houston Rockets. Mechi ya sita dhidi ya Knicks ilikuwa katika sekunde za mwisho, Houston wakiongoza 86 kwa 84. John Starks akaruka kutupa mtupo ambao ungewapa New York ubingwa. Mkono wa Olajuwon ukaufikia mpira. Houston wakashinda mechi ile na ya saba, na Olajuwon akawa Mwafrika wa kwanza kuitwaa tuzo. Mwaka 1995 akaitwaa tena. Anashikilia rekodi ya mitupo iliyozuiwa, 3,830, na rekodi hiyo ipo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kuiandika. Russell hakuwa na mwandishi.

Baada ya Olajuwon njia ilipanuka. Tony Parker wa Ufaransa aliipata mwaka 2007, Dirk Nowitzki wa Ujerumani 2011, Nikola Jokić wa Serbia 2023, Shai Gilgeous-Alexander wa Kanada 2025. Lakini anayenigusa zaidi ni Giannis Antetokounmpo. Alizaliwa Athens mwaka 1994 na wazazi Wanigeria waliokuwa wakiishi bila vibali, na utotoni alitembeza bidhaa mitaani pamoja na kaka yake. Ugiriki alikozaliwa haikumtambua kuwa raia wake mpaka mwaka 2013, mwaka ule ule alioingia NBA. Julai 2021 alifunga pointi 50 katika mechi iliyowapa Milwaukee Bucks ubingwa wao wa kwanza tangu 1971, na tuzo ikawa yake.

Wanaharakati wanaonisoma watauliza, na wana haki: je, watoto wangapi wa mitaa ile ile wasio na urefu wa Giannis walipewa hati? Taifa linalomtambua mtu baada ya soko kumtambua limekubali soko liamue nani ni mtu.

Kura 11

Siku hizi mshindi huchaguliwa na jopo la waandishi na watangazaji 11. Mwaka 2015 jopo hilo lilikabiliwa na mtihani wa West kwa mara nyingine. LeBron James wa Cleveland Cavaliers, ambaye nyota wenzake wawili walikuwa majeruhi, alikuwa na wastani wa pointi 35.8, ribaundi 13.3 na pasi 8.8, akiongoza timu zote mbili katika mambo yote matatu. Timu yake ilishindwa na Golden State Warriors kwa mechi nne kwa mbili.

Kura 4 zilimwendea James. Kura 7 zilimwendea Andre Iguodala wa Golden State, mchezaji ambaye msimu mzima wa kawaida hakuanza hata mechi moja. Warriors walipokuwa nyuma mechi mbili kwa moja, kocha Steve Kerr alimwingiza katika kikosi cha kwanza. Wakashinda mechi tatu mfululizo. Iguodala ndiye aliyepewa mzigo wa kumkaba James. Stephen Curry, nyota wa timu na mchezaji bora wa msimu huo, hakupata kura hata moja.

Uamuzi huo unajadiliwa hadi leo. Mimi naupenda kwa sehemu na kuulalamikia kwa sehemu. Naupenda kwa sababu ulimtazama mtu wa akiba aliyekubali nafasi ndogo bila kununa. Nalalamika kwa sababu James alipimwa kwa ushindi wa timu na si kwa kazi yake. Kisha liko jambo la tatu ambalo jopo halikuwa na namna ya kulipigia kura. Wazo la kumwanzisha Iguodala lilitoka kwa msaidizi kijana wa kocha, Nick U'Ren, aliyekesha akitazama mikanda ya fainali za mwaka uliotangulia. Kerr alilisema hilo hadharani. Huo ulikuwa uungwana wake, maana katika taasisi nyingi wazo la mdogo likipanda ngazi mbili huwa limekwisha kubadili baba.

Sisi na vipimo vyetu

Nchini Tanzania kila Mei Mosi taasisi humtangaza mfanyakazi bora. Ni desturi njema. Lakini nimeona namna majina yanavyopatikana katika baadhi ya idara: hutazamwa aliyeonekana. Mwenye safari nyingi, mwenye mawasilisho mengi, aliyesimama karibu na mgeni rasmi. Mtunza masjala ambaye kwa miaka 20 hakuna jalada lililopotea mikononi mwake hatajwi, kwa sababu jalada lisilopotea halina takwimu. Ni mitupo iliyozuiwa kabla ya mwaka 1973. Tulitoka kwenye fomu za OPRAS, tukaja kwenye mfumo wa PEPMIS, na kila mara mjadala umekuwa juu ya namna ya kujaza. Mjadala juu ya nini hakimo katika fomu haujaanza.

Sisemi tuzo zifutwe. Binadamu anahitaji kusifiwa, na mwenye kustahili akinyimwa sifa hukata tamaa kimya kimya, kisha huacha kuzuia mitupo. Ninachosema ni kwamba anayetoa tuzo ana wajibu wa kuandika mambo matatu kabla hajaandika jina: haja ya kazi ile ilikuwa ipi, nani aliwawezesha wengine kuitimiza, na ni kazi gani ambayo daftari letu halina safu yake. Jambo hilo la tatu ndilo zito, kwa kuwa linahitaji mkuu wa kazi ainuke kwenye kiti chake akaulize.

Jerry West alifariki Juni 2024. Jina lake litabaki la kwanza katika orodha, na jina la Russell litabaki juu ya orodha bila kuwamo ndani yake. Orodha yoyote ya heshima tunayoitunga, iwe ya wafanyakazi, ya mashujaa au ya waasisi, ina Russell wake. Kumtafuta si hisani. Ni sehemu ya kuhesabu vizuri.